Naomba ushauri: matairi ya misimu yote au ya theluji kwa Toyota GR86, Munich

Wakuu, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma na limefungwa matairi ya kiangazi, saizi 215/40R18 (rimu ya inchi 18). Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake unakuwa mgumu na mshiko unapungua hata lami ikiwa kavu, kwa hiyo kuyaacha majira ya baridi ni hatari.

Ya misimu yote yanaondoa usumbufu wa kubadilisha mara mbili kwa mwaka, ila joto la Julai linayalainisha na kona zinapoteza ukali, na gari hili raha yake ni kona. Ya theluji nafikiria 215/45R17 kwenye seti nyingine ya rimu, za inchi 17: kipenyo kinapungua milimita 4 tu, ukuta wa tairi unakuwa mrefu zaidi na rimu inakingwa dhidi ya mashimo ya barabarani. Lazima yawe na alama ya mlima na theluji. Tangu Oktoba 2024 Ujerumani haitambui alama ya M+S (matope na theluji) peke yake.

Mjini chumvi ya kuyeyusha theluji humwagwa barabarani mapema, lakini wikendi ni kupanda milima ya Alps. Je, ya misimu yote yatafunga breki vizuri kwenye mteremko wenye theluji iliyoshindiliwa? Na matairi mnayabadilisha kashata (kina cha mifereji ya tairi) zikibaki milimita 4, au mnasubiri 1.6 ya kisheria?