Binti anakuja Dodoma kwa mazoezi ya uuguzi, naomba ushauri

Kutoka: Mama N., Reading

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikiendi.

Binti yangu yuko mwaka wa 3 wa uuguzi hapa Uingereza. Chuo chake kinaruhusu sehemu ya mazoezi ifanyike nje, naye kang'ang'ania Dodoma kwa sababu bibi yake yuko Kibaigwa. Kiswahili anakisikia vizuri, kuongea ndiyo anajikongoja. Mwalimu wake kampa karatasi ndefu ya magonjwa ya nchi za joto, malaria juu, malaria chini, na baba yake sasa halali. Mlioko huko au mliowahi kufanya kazi huko, ajiandae na nini hasa? Na aje mwezi gani?

*

Kutoka: Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4, Dodoma

Shikamoo mama. Nimekulia Ujerumani, wazazi wangu ni wa Kondoa, nikarudi kusomea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa hiyo karatasi kama hiyo naijua.

Dodoma si Ifakara, kule bondeni kwenye joto na mbu. Huku ni nyanda kame, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua inaanza kama Desemba na kufikia Aprili imekata. Malaria ipo, ila mkoa huu uko upande wa maambukizi madogo ukilinganisha na Kigoma, Geita au Tabora. Alale kwenye chandarua, na dawa za kinga azungumze na daktari wake huko, hasa kama atatembelea Pwani au Kanda ya Ziwa. Ila asifike wodini akidhani kila mwenye homa ana malaria. Tunapima kwanza. Kipimo kikikataa, mwalimu anakugeukia na kukuuliza sasa ni nini, mbele ya wenzako wote, na kitabu umekiacha bwenini.

Atakachokutana nacho sana ni presha, sukari, wajawazito waliochelewa kufika, watoto wenye utapiamlo, na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu. Wanaokuja kutoka nje wakitarajia zahanati ya udongo hushangaa kukuta Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa jirani na chuo, inapandikiza figo tangu 2018.

Yapo mambo ya huku hasa, na hayo ndiyo ningemwambia asome kabla hajapanda ndege. Sumukuvu, kwa mfano, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, kwa hiyo mgonjwa akija na macho ya njano na tumbo limejaa, usishangae daktari akianza kumuuliza mahindi aliyatunza wapi.

Na vikope, yaani trakoma. Wilaya ya Kongwa, hapa hapa mkoani, imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu miaka mingi, ukisoma habari zake popote duniani utalikuta jina hilo. Tulipokwenda kliniki ya macho kijijini, bibi mmoja alifungua pindo la khanga akatoa kibanio kidogo cha chuma. Nywele za kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zinakwaruza mboni kila anapopepesa, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa akizing'oa moja moja kwa hicho kibanio. Maambukizi ya utotoni yanajirudia, kope linapata kovu, kovu linalikunja. Dawa ipo, azithromycin hugawiwa kijiji kizima, na kope lililojikunja hufanyiwa upasuaji mdogo. Ila bila maji ya kunawisha watoto uso ugonjwa unarudi, na maji ndiyo kilio cha huku. Binti yako ataelewa akishaishi na mgao wa maji hosteli. Anunue ndoo mbili zenye mfuniko siku ile ile anayofika, na ya kunywa anunue ya chupa au achemshe, na asishangae ya bomba yakiwa na chumvichumvi.

Wodi nayo haitafanana na ya Reading. Muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, ndugu ndiye anayeogesha, anayelisha, anayekimbia famasi na karatasi ya dawa. Wageni wengi huwaona ndugu kama usumbufu. Hapana. Ukimwelekeza vizuri shangazi wa mgonjwa jinsi ya kumgeuza asipate vidonda, umefanya kazi ya zamu nzima. Na asalimie kwanza. Mzee ambaye hajapewa shikamoo hatakwambia alianza kukojoa damu lini. Wazee wa vijijini wengine wanaongea Kigogo tu, hapo amtafute muuguzi mwenyeji.

*

Kutoka: Baba wa Birmingham

Kwani Muhimbili kuna nini? Mtoto atoke Ulaya akakae vumbini?

*

Kutoka: Mwanafunzi wa udaktari, Dodoma

Shikamoo baba. Muhimbili ni kubwa, na wanafunzi pia ni wengi, mnazunguka kitanda kimoja hadi humwoni mgonjwa. Vumbi lipo kweli, sibishi.

*

Kutoka: Mgogo wa Malmö

Mbukwenyi! Nilifanya kazi General, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Dodoma mjini, miaka kadhaa kabla ya kuja Sweden, niongezee alipoishia mdogo wangu.

Mama N., anza na chanjo ya homa ya ini B kama hajamaliza. Ni sindano 3, ya mwisho kwa kawaida miezi 6 baada ya ya kwanza, kwa hiyo usingoje tiketi. Homa ya manjano anahitaji cheti kama anatoka au anapitia nchi yenye ugonjwa huo na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12. Angalieni ndege inasimama wapi.

Visa ya utalii haifai kwa mazoezi hospitalini. Wanafunzi wana kibali cha ukaazi daraja C, na barua ya hospitali inayompokea iwepo mkononi kabla hajaondoka. Ukienda kwa kusema "tutamalizana kule kule", utamaliza mwezi wa kwanza kwenye korido.

Akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa asione haya. Aoshe kwa maji na sabuni, aripoti zamu hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema, na zisivuke saa 72. Nimeona wanafunzi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa, na siku mbili zimekwisha.

Sasa lile la masanduku. Kila mwaka kuna mzazi anambebesha mtoto dawa za "kusaidia hospitali", nusu zimebakiza mwezi mmoja kwisha muda. Dawa haziingizwi hivyo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanataka kibali. Abebe glovu zake, saa yenye mshale wa sekunde, na viatu vya kufunika vidole. Basi.

Na kule Kibaigwa wataanza kujipanga uani tangu alfajiri, "daktari kutoka Ulaya kaja". Kupima presha apime. Kuandika dawa ni hapana, hata shangazi akinuna. Yeye bado mwanafunzi.

*

Kutoka: Mama N., Reading

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Chanjo ya homa ya ini alishachoma 2, nitafuatilia ya tatu. Mwezi bado hamjaniambia.

*

Kutoka: Mwanafunzi wa udaktari, Dodoma

Samahani mama. Akija Juni au Julai barabara za vijijini zinapitika, kliniki za nje anazifika zote, ila abebe sweta zito, asubuhi kuna baridi na upepo. Januari hadi Machi kijani kinapendeza na mbu wanaongezeka. Mimi ningesema Juni.

Kutoka Dar apande treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya; ya haraka inatumia chini ya saa 4 njiani. Chumba atafute kwa kuangalia atapangiwa wapi. Akiwa Benjamin Mkapa akae Ng'ong'ona au Makulu, akiwa General akae mjini, Area C au karibu na Jamatini, kwa sababu zamu ya asubuhi haisubiri daladala. Laini ya simu asajili kwa pasipoti na alama za vidole kwenye duka la mtandao wenyewe, asinunue mitaani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.