Eternal Love, Ashes of Love au Love Between Fairy and Devil: ipi itazamwe kwanza?

Kipepeo wa Tanga

Ndugu watazamaji, kila mgeni anapouliza aanze na ipi kati ya tamthilia za Kichina zenye mapenzi, miungu na mapanga, hupewa majina mengi bila sababu hata moja. Ningependa safari hii tulinganishe tatu tu, tena kwa hoja: Eternal Love ya mwaka 2017, Ashes of Love ya mwaka 2018 na Love Between Fairy and Devil ya mwaka 2022. Nitalazimika kutaja matukio ya ndani, hivyo asiyetaka kujua yajayo aishie hapa.

Zote tatu ni za aina inayoitwa xianxia, yaani hadithi za viumbe wanaojinoa kwa maelfu ya miaka hadi kufikia daraja la miungu. Zote pia zimejengwa juu ya jambo moja: mpenzi mmoja ameondolewa kitu ambacho bila hicho hawezi kupenda. Katika Eternal Love kilichoondolewa ni kumbukumbu, katika Ashes of Love ni uwezo wenyewe wa kupenda, na katika Love Between Fairy and Devil ni hisia zote za moyo. Maleba ya hariri na mapigano ya angani yapo katika kila tamthilia ya aina hii, kwa hiyo hayanisaidii kuchagua. Ninachokitazama ni namna kila moja inavyokirudisha kile kilichoondolewa, na gharama anayotozwa mhusika siku kinaporudi.

Yang Mi katika Eternal Love ni Bai Qian, binti wa ukoo wa mbweha wenye mikia 9 wa Qingqiu, mbweha waliotajwa tangu kale katika kitabu cha Kichina cha Shan Hai Jing. Mark Chao anabeba wahusika wawili, Ye Hua ambaye ni mrithi wa kiti cha mbinguni, na Mo Yuan, mungu wa vita aliyekuwa mwalimu wa Bai Qian. Bai Qian anapoteza nguvu na kumbukumbu, anaishi mlimani kama binadamu wa kawaida aitwaye Su Su, anapendana na Ye Hua na kufuatana naye mbinguni, na huko anasingiziwa na mwanamke aitwaye Su Jin hadi anang'olewa macho ili apewe huyo aliyemsingizia. Baada ya kujifungua mtoto wa kiume anajitupa kutoka kwenye jukwaa la Zhuxian, anarudia uungu wake, kisha anaomba dawa ya kusahau na kuinywa kwa hiari yake.

Miaka 300 baadaye, katika jumba la kifalme la Bahari ya Mashariki, anatembea akiwa amejifunga kitambaa cheupe machoni kwa sababu macho yake hayavumilii mwanga mkali, na hapo ndipo Ye Hua anapomwona. Sisi tunakikumbuka kitambaa kile kutoka siku za mwisho za Su Su, Ye Hua pia anakikumbuka, na aliyekivaa peke yake ndiye asiyejua kwa nini mtu huyu amesimama kama aliyeona mfu. Sijaona tukio jingine katika aina hii linalosema mengi kiasi hicho bila upanga kuchomolewa.

Ashes of Love inaanza kwa mzaha mwingi kupita kiasi. Jin Mi, anayeigizwa na Yang Zi, anajidhania kuwa ni pepo la mzabibu, na anapomkuta mungu wa moto Xu Feng, ambaye ni finiksi, ndege wa hadithi, aliyejeruhiwa, anamdhania kunguru. Mama yake Jin Mi, mungu wa maua, alimlisha binti huyo kidonge cha kuzuia mapenzi kabla ya kufa. Vichekesho hivyo vinaendelea muda mrefu hata mtu anaweza kuiacha tamthilia kabla haijaonyesha ukubwa wake.

Love Between Fairy and Devil ina sheria iliyo wazi kuliko zote. Xiao Lanhua, pepo dhaifu wa ua la okidi anayeigizwa na Esther Yu, anaingia kwa bahati mbaya katika mnara alikofungwa Dongfang Qingcang, na tokea hapo uchawi unawafunga pamoja: akijeruhiwa yeye, jeraha linampata mwenzake, akihuzunika yeye, kifua cha mwenzake kinabana. Dongfang Qingcang, anayeigizwa na Dylan Wang, aliondolewa hisia zote utotoni na baba yake ili awe silaha kamili ya vita. Mtu wa namna hiyo hawezi kufundishwa huruma kwa maneno, na waandishi wamelijua hilo, wakamfanya aionje kwanza kama maumivu ya mwili wake mwenyewe.

Hukumu yangu ni kwamba mgeni aanze na Love Between Fairy and Devil, ambayo ina sehemu 36 tu na inajieleza yenyewe, lakini iliyo kubwa kuliko zote ni Eternal Love.

Msomaji wa Mvita

Nakushukuru Kipepeo kwa kuuweka mjadala vizuri, ila Ashes of Love umeipita mbiombio na hujamtaja kabisa mtu anayeifanya iwe kubwa. Huyo ni Runyu, mungu wa usiku, kaka wa Xu Feng.

Tamthilia nyingi za aina hii humleta mshindani wa mapenzi akiwa mwema kupita kiasi au mwovu asiye na sababu. Runyu amepewa historia. Mama yake alimng'oa magamba na kumkata pembe akiwa mtoto ili asitambulike kuwa ni joka, kisha akachukuliwa mbinguni na kulelewa na malkia asiyempenda, na ukubwani anamshuhudia malkia huyo huyo akimuua mama yake. Mtu huyu anaposema kwamba ameahidiwa mke na hatamwachia mtu mwingine, tunaelewa kuwa hajapata kumiliki kitu chochote maishani mwake. Luo Yunxi, ambaye alisomea dansi ya balei kabla ya kuwa mwigizaji, anamwonyesha kwa mwili ulionyooka, usiopapatika hata anapoadhibiwa, na ndiyo maana siku anapoanza kupanga hila za kunyakua kiti cha baba yake huoni mtu aliyebadilika ghafla. Unaona utulivu ule ule wa tangu awali ukiwa umepata kazi nyingine.

Na kuhusu kile kinachorudishwa, ambacho ndicho kipimo chako, je, kipo kitu kinachozidi kile kidonge? Jin Mi anamchoma Xu Feng kisu katika siku ambayo ilikuwa iwe ya harusi yake na Runyu, akiamini kwamba ndiye aliyemuua baba yake. Anafanya hivyo bila mkono kutetemeka kwa sababu hawezi kupenda. Baada ya kumuua ndipo anatapika kile kidonge, na uwezo wa kupenda unamrudia wakati aliyekuwa ampende hayupo tena. Anashika kifua chake na kudhani kuwa amerogwa, maana hajui maumivu yale ni ya nini. Ye Hua angalau alijua anachokipoteza. Binti huyu amekipoteza kwanza, kisha akakijua. Nawaomba wageni wavumilie mzaha wa mwanzo, kwa sababu ule mzaha ndio unaofanya tukio hili litishe.

Mtazamaji Mpya

Samahani wakubwa zangu, mimi ndiye mgeni mnayemzungumzia. Nimetazama tamthilia za Kikorea na za Kituruki, hizi za Kichina bado. Je, sehemu 58 za Eternal Love au 63 za Ashes of Love zote zina umuhimu, au kuna za kujaza muda tu? Je, mapigano ni ya kweli au ni mwanga wa kompyuta tu? Na je, zina sauti za waigizaji wenyewe? Nauliza kwa sababu kuna mahali niliona midomo haiendani na maneno.

Mpenzi wa Upanga

Mgeni, nitaanza na swali la mapigano. Katika xianxia mapigano mengi ni mikono inayorusha mwanga, na mshindi ni yule aliyejinoa miaka mingi zaidi. Ukitaka mkono, mguu na upanga wenye uzito, itakubidi uende kwenye wuxia, ambazo wahusika wake ni binadamu wenye ustadi wa hali ya juu, lakini wanazeeka, wanaugua na kufa. Mfano ninaouheshimu zaidi ni The Return of the Condor Heroes ya mwaka 2006, ya Huang Xiaoming na Liu Yifei, iliyotokana na riwaya ya Jin Yong.

Naileta humu makusudi, kwa sababu inagusa udhaifu ambao hakuna aliyeutaja. Bai Qian anautunza mwili wa Mo Yuan kwa damu ya moyo wake kwa miaka 70,000. Nambari hiyo ni kubwa, lakini kwa kiumbe anayeishi mamia ya maelfu ya miaka, mtazamaji ataipimaje? Yang Guo katika hadithi ya Jin Yong anamsubiri Xiaolongnü miaka 16. Anaingia katika kusubiri huko akiwa kijana na kutoka akiwa na mvi kichwani, na kila mtazamaji anajua miaka 16 ni kipande gani cha maisha ya mtu. Mapenzi ya miungu yanapaswa kutafuta uzito wake kwingine, na nakubaliana na Kipepeo kwamba Love Between Fairy and Devil imeupata katika maumivu ya mwili.

Kuhusu sauti, ni desturi ya muda mrefu huko kwa tamthilia za kihistoria kuingiziwa sauti studioni, mara nyingi na wasanii wa sauti ambao si wale tunaowaona. Maeneo ya kurekodia kama Hengdian, mkoani Zhejiang, huwa na kelele za kazi nyingi kwa wakati mmoja, na waigizaji hutoka mikoa yenye lafudhi tofauti. Utazoea baada ya sehemu chache.

Ukhti wa Muscat

Assalamu alaykum. Ninyi nyote mnaisifu Eternal Love kwa kitambaa, nami naomba tuyazungumzie macho yaliyokuwa chini ya kitambaa hicho. Aliyeyang'oa ni Ye Hua mwenyewe kwa mkono wake. Tunaelezwa kwamba alifanya hivyo ili kumlinda Su Su na adhabu kubwa zaidi ya babu yake, mfalme wa mbinguni, nami naikubali sababu hiyo kama maelezo, lakini siikubali kama radhi. Mwanamke mjamzito, aliye peke yake katika nyumba ya wakwe wasiomtaka, anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na mume anayejua ukweli ndiye mtekelezaji wa adhabu.

Kumbukumbu zinaporudi, Bai Qian anakwenda kwa Su Jin na kuyachukua macho yake. Hapo nilisimama nikashangilia. Lakini Ye Hua akija mlangoni kwake hapokelewi, na kabla hawajazungumza anakwenda kupigana na Qing Cang, mfalme wa ukoo wa mizimu, na kufa. Kifo hicho ni kizuri kwa machozi, ila kinawaepusha waandishi na mazungumzo ambayo mke alikuwa na haki ya kuyapata. Miaka 3 ya maombolezo inapita, mume anarudi, na neno la macho halisemwi tena. Kwa kipimo cha Kipepeo, hapa gharama haijatozwa kwa aliyestahili kutozwa.

Ndiyo maana mimi naiweka Love Between Fairy and Devil juu. Dongfang Qingcang ni mtu wa vita na hajifichi nyuma ya sheria ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, tamthilia inatupeleka kwa watu wake wa kabila la Mwezi, walionyimwa ardhi nzuri na kuitwa waovu na wale wa mbinguni, hivyo anapobadilika si suala la kumpendeza binti tu, kwa sababu ana watu nyuma yake wanaomtegemea na watakaoumia akikosea.

Nina ombi moja la pembeni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, na watu wazima waliokuwa hawasomi manukuu waliifuatilia hadi mwisho. Xianxia yenye sauti nzuri za Kiswahili ingewafikia mama zetu.

Kipepeo wa Tanga

Ukhti, wa alaykum salaam. Hoja yako ya macho ni nzito, na sitaki kuipunguza. Naongeza tu kwamba Ye Hua anatozwa kabla ya kumbukumbu kurudi: anapambana na wanyama wakali wanne kuupata mmea wa kumfufua Mo Yuan, anapoteza nguvu za mkono mmoja, na anaficha jambo hilo ili Bai Qian asilazimike kujitoa tena. Anafanya hayo kwa ajili ya kumrudisha mwanamume anayemwonea wivu. Mazungumzo uliyoyataka ni kweli hayapo, na pengo hilo linaonekana, lakini siwezi kusema kwamba mtu yule amepita bila kulipa.

Msomaji, Runyu nakupa mikono miwili. Hata hivyo, mhusika bora hafanyi tamthilia nzima kuwa bora. Katikati ya Ashes of Love kuna sehemu nyingi za fitina za mbinguni zinazorudia jambo lile lile.

Hilo linanirudisha kwa mgeni wetu. Ndiyo, zipo sehemu za kujaza muda, hasa katika hizo mbili ndefu. Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilitoa mwongozo kwamba tamthilia isizidi sehemu 40, na ikahimiza zisizidi 30, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya zile za baadaye kuwa fupi na zenye mwendo. Katika Eternal Love, ruka bila hofu sehemu za fitina za ukoo wa mizimu, lakini usiruke hata dakika moja ya maisha ya Su Su mlimani, kwa kuwa kila kitu cha baadaye kinategemea ulimpenda kiasi gani akiwa mtu wa kawaida.

Mtazamaji Mpya

Nimeelewa. Nitaanza na Love Between Fairy and Devil, kisha Eternal Love, halafu nimfuate Runyu. Je, ile Eternal Love of Dream ya mwaka 2020 ni mwendelezo, au naweza kuitazama peke yake?

Msomaji wa Mvita

Inamhusu Bai Fengjiu, mpwa wa Bai Qian, na Dong Hua, ambao utawakuta pembeni katika Eternal Love wakiigizwa na Dilraba Dilmurat na Vengo Gao hao hao. Ina sehemu 56 na inasimama peke yake, lakini ukiitazama kabla ya Eternal Love utajinyima raha ya kuwatambua. Iweke ya nne.