Kutembeza na kulea mbwa wa watu Dar: mwenye mbwa anakuaminije?

Kijana wa Kawe

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi. Naomba mawazo yenu. Nimesoma cheti cha afya ya mifugo, nimemaliza, ajira bado. Desemba iliyopita familia moja ya Mikocheni ilienda Moshi kula sikukuu, wakaniachia mbwa wao wawili. Nilikuwa nalala chumba cha nje, nawalisha, nawatoa jioni. Waliporudi walinipa elfu themanini na mkungu wa ndizi.

Sasa nataka iwe kazi kamili: kutembeza mbwa asubuhi na jioni, na kukaa na wanyama wenyewe wakisafiri. Nimeweka tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mikocheni na Mbezi Beach. Watu wanaulizia, ila tukifika hatua ya kukubaliana wanarudi nyuma. Mmoja aliniambia wazi: "Kumtembeza mbwa sawa, lakini wewe utakuwa umeshajua geti langu linafunguliwaje." Nilikosa la kumjibu. Mtu ambaye bado hajajulikana anaanzia wapi mpaka aaminiwe? Na bei mnapangaje?

Mkazi wa Mbezi Beach

Mdogo wangu, nikueleze upande wetu sisi wenye mbwa. Mbwa wangu ndiye mlinzi wangu. Nikikuzoesha naye, maana yake Dar hii nzima kuna mtu mmoja ambaye akiruka ukuta wangu usiku, mbwa hatabweka. Hilo ndilo linalotutisha, hata kama tunaona aibu kukwambia.

Mimi ningetaka nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa unakoishi, na wadhamini wawili ambao nafika kwao nikaone wanapolala, siyo namba za simu tu. Mmoja wao uje naye siku ya kwanza. Na usiombe funguo za nyumba kubwa. Banda, bomba la maji na stoo ya chakula chao vinakutosha. Kijana akiniambia mwenyewe "mama, ndani funga, mimi sihitaji kuingia," huyo nitampa kazi.

Mama wa Mikocheni

Marahaba mwanangu. Kazi hii naifanya miaka mingi sasa. Nilianzia kwa bosi wangu wa zamani pale Msasani, na leo wateja wangu wametawanyika mpaka Kawe, kwa hiyo mimi na wewe ni majirani. Aliyokueleza dada wa Mbezi Beach ni kweli tupu, yatimize yote bila kununa. Lakini karatasi zitakufungulia geti tu. Kitakachofanya uitwe tena Pasaka ni taarifa.

Mwenye mbwa akiwa Moshi hana jicho nyumbani kwake zaidi ya lako. Mimi kila nikilisha natuma video fupi, bakuli likiwa na chakula na baadaye likiwa tupu, halafu sauti: amekula chote au amebakiza, choo kigumu au cha maji, anachechemea au yuko sawa. Jambo baya naliripoti saa hiyohiyo. Mbwa akisusa chakula usiku, mwambie mwenyewe usiku huohuo, usingoje kupambazuke ukiomba aamke mzima. Nawajua vijana wenye mkono mzuri kabisa na wanyama waliopoteza kazi kwa kuficha kidonda kidogo cha mguu mpaka kikaoza.

Siku ya kwanza usiguse kamba. Kaa uani na mwenyewe, ongeeni, mbwa akuzunguke akunuse. Usimkazie macho, usimwinamie kichwani, mpe ubavu. Hapo ndipo unapouliza: ameshawahi kung'ata, na alimng'ata nani? Anaogopa nini? Anakula saa ngapi, ugali wa dagaa au chakula cha dukani? Daktari wake ni nani? Kadi ya chanjo uione kwa macho yako, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na muda. Mteja asiye na kadi simchukui hata akiniongezea hela, namwelekeza kwanza kwa daktari wa mifugo.

Sasa kutembeza. Mbwa wengi wa Dar hawajawahi kufungwa kamba wakatoka nje. Mchana wako bandani, usiku wanafunguliwa walinde, geti kwao ndiyo mwisho wa dunia. Ukimtoa ghafla akakutana na bajaji, bodaboda na muuza madafu kwa mkupuo mmoja, anachanganyikiwa. Anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, kola inachomoka kupitia masikioni, na mbwa wa watu huyo kaingia Barabara ya Mwai Kibaki. Kwa hiyo siku za mwanzo namtembeza ndani ya uzio. Halafu tunatoka nje ya geti, tunasimama, tunarudi. Halafu mpaka mwisho wa ukuta wa jirani. Namvalisha kola na mkanda wa kifuani, kamba moja naiunganisha kwenye vyote viwili. Kola ibaki na nafasi ya vidole viwili tu. Kitanzi cha kamba napitisha kwenye kifundo cha mkono ndipo naishika. Kuizungusha vidoleni usithubutu, mbwa mkubwa akivuta anakuvunja.

Saa zetu ni asubuhi kabla ya saa moja, na jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Katikati ya hapo, hasa Desemba mpaka Machi, sitoi mbwa wa mtu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kuhema kunapoza pale tu unyevu wa mdomoni unapokauka. Hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu, haikaushi vizuri, kwa hiyo mbwa anahema na joto bado linapanda. Wenye pua fupi kama bulldog na pug ndio wanaoanguka mwanzo. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami; ukishindwa kuuacha kwa sekunde tano, rudini ndani. Ukiona anayumba, anatapika, ulimi umekuwa mwekundu sana, mkimbize kivulini, mmwagie maji ya bomba, mpepee, na umpigie daktari huku unaendelea kummwagia.

Ukimpeleka ufukweni, tazama mchanga mbele yake. Samaki anayeitwa bunju, akifa akatupwa na maji, sumu yake inaua mbwa, na mbwa haachi kitu kinachonuka. Kinyesi zoa kila mara, hata pasipo na mtu anayekutazama. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, mimi natembea na pakiti tupu za unga wa sembe na koleo dogo.

Na mkesha wa mwaka mpya usiahidi kwenda popote. Wateja wako nyumbani Kilimanjaro, na saa sita usiku fataki zinalia kila upande. Mbwa mwenye hofu anaruka ukuta ambao siku nyingine hata hautazami. Mimi jioni nawatembeza mpaka wachoke, wajisaidie, halafu saa mbili usiku nishaingia nao chumbani. Madirisha yamefungwa, pazia limeshushwa, redio inaongea, kola yenye namba ya simu iko shingoni. Nakaa chini sakafuni. Anayetaka kujibana mapajani aje, anayetaka kuingia uvunguni nampisha, simvuti.

Bei: matembezi ya nusu saa nachukua elfu kumi, kulala pale elfu thelathini kwa siku, mbwa wa pili wa nyumba hiyohiyo naongeza elfu kumi. Wewe unaweza kuanza chini kidogo, ila usifanye bure, mtu akipewa bure anakuona unatafuta kitu kingine mle ndani. Chakula ni cha mwenye mbwa. Na kabla hajaondoka mwandikishane: akiumwa nimpeleke kwa nani, mpaka shilingi ngapi bila kukuuliza, na hela hiyo aiache kwenye simu yako mapema. Siyo mbwa anatapika damu usiku wa manane na mwenyewe simu haipatikani.

Jirani wa Msasani

Assalamu alaykum. Mimi sifugi mbwa, ila wanapita mbele ya nyumba yangu kila siku, naomba na sisi tusikike. Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, na yakigusa nguo au mwili unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa hizo saa za alfajiri anazozisema mama hapo juu ndizo saa ambazo mzee anatoka msikitini na kanzu yake. Mbwa akija kumnusa na pua mbichi, mzee huyo anarudi nyumbani kubadilisha na kujitwaharisha. Hatuwachukii mbwa. Sisi wenyewe tumefundishwa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Kijana, ukimwona mtu anakuja, fupisha kamba, vuka upande wa pili, toa salamu. Mlango wa msikiti usipite nao wakati watu wanaingia au wanatoka. Mtaani kwetu yupo anayefanya hivyo, na hakuna mtu anayemsema vibaya. Mbwa wake akipotea, sisi ndio tutakaompigia simu.

Mama wa Mikocheni

Waalaykum salaam jirani, ahsante sana. Mwanangu hilo lishike. Mimi nimepanga njia zangu kwa kuangalia misikiti iko wapi, na alfajiri nangoja watu warudi majumbani kwao ndipo nafungua geti.

Daktari wa Mifugo

Nichangie mawili matatu ya kitaalamu. Kwanza wewe mwenyewe ukachanje. Ipo chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga kabla ya kung'atwa, dozi mbili, ya pili siku ya saba. Haikuondolei kwenda hospitali ukiumwa na mbwa, ila inapunguza sindano utakazohitaji. Uking'atwa, hata na mbwa unayemjua, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Pili, mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anadondosha udenda, taya limelegea, anaonekana kama kakwamwa na mfupa kooni: usitie mkono mdomoni kumsaidia. Kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza kinaonekana hivyohivyo. Mfungie mahali, piga simu.

Tatu, wewe utakuwa unatoka banda hili kwenda banda lile. Virusi vya parvo, vinavyoharisha mbwa damu, vinakaa kwenye udongo miezi mingi na vinasafiri kwenye soli za viatu. Nyumba yenye watoto wa mbwa wanaoharisha damu usiingie ukatoka kwenda kwingine. Viatu safisha kwanza matope, kisha vitie kwenye jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa thelathini za maji, dakika kumi. Kupe nao wakague kila mkirudi: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya kola.

Na kwa kuwa una cheti, jiandikishe Baraza la Veterinari kwa ngazi yako, na ubaki ndani ya mipaka ya ngazi hiyo. Mwenye mbwa akikuomba umdunge sindano kuokoa hela ya daktari, kataa. Hapo hapo atakuheshimu zaidi.

Kijana wa Kawe

Mungu awabariki, sikutegemea majibu ya namna hii. Jirani wa Msasani, nimekuelewa, nitazingatia. Barua ya Serikali ya Mtaa naifuata Jumatatu. Mdhamini mmoja ninaye, mjomba wangu yuko Kawe hapohapo. Wa pili ndiyo sina. Halafu Mama, kuna mtu ana paka wawili Kijitonyama, anasafiri wiki ijayo, paka nao mnafanyaje?

Mama wa Mikocheni

Paka usimtoe nje hata kidogo mwenyewe akiwa hayupo, wavu wa madirisha ukague siku ya kwanza. Atajificha, mwache, muhimu uone chakula kinapungua na mchanga unachafuka. Siku mbili hajala kabisa ni kwa daktari, ini la paka halivumilii njaa. Paka dume akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, ni usiku huohuo, usiseme kesho. Na panadol usimpe kamwe, hata nusu kidonge, inaua paka.

Kuhusu mdhamini: njoo Mikocheni Jumanne saa kumi na moja jioni na kitambulisho chako na huyo mjomba. Utatembea na mimi na mbwa wa wateja wangu mpaka mwisho wa mwezi, nitakulipa nusu ya matembezi. Nikiridhika na mkono wako, mdhamini wa pili ni mimi. Vaa viatu vya kufunga kamba, ndala hapana.