Acheni kubandika feiza kwenye masta halafu mtuambie huo ni muziki wa saikedeliki wa miaka ya sitini

Wakuu, salamu. Leo nina hasira na sitazificha.

Kila baada ya siku mbili linatupwa humu somo la "jinsi ya kupata sauti ya Innerspeaker", na masomo yote ni mapacha: feiza (athari ya kuyumbisha sauti) kwenye masta (chaneli inayopitisha wimbo mzima), riveb (mwangwi wa chumba) mpaka pomoni, sauti ya mwimbaji izamishwe, kazi imekwisha. Kinachotoka ni uji. Mwanafunzi akilalamika anaambiwa plagini (programu za athari za sauti) zake za bure ndizo mbovu, anunue nyingine. Huo ni wizi wa mchana!

Albamu yenyewe ya Tame Impala ilitoka Mei 2010. Kevin Parker, mwenye Tame Impala, aliirekodi 2009 kwenye nyumba ya ufukweni Western Australia, inayotazama Bahari ya Hindi (naam, hii hii yetu), ala nyingi akipiga mwenyewe, kisha produsa Dave Fridmann akaimiksi Marekani. Isikilizeni kwa hedifoni, siyo kwa spika ya simu. Besi imekaa mbele, haiogelei. Ngoma zimebanwa na kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) mpaka zinahema. Kuna kitu kinayumba na kuna vilivyosimama wima, ndiyo maana unasikia kuyumba. Ukiyumbisha wimbo mzima sikio linakosa pa kujishikiza, linazoea ndani ya sekunde chache na feiza yako inakuwa kelele tu.

Na hiyo feiza ya pedali mnayoiita ya 1967, Phase 90 ya MXR ni ya 1974! Mwaka 1967 walitumia mashine mbili za utepe zikicheza kitu kimoja, moja ikicheleweshwa kidogo mpaka ipitwe na mwenzake. Kwenye kompyuta ni hivi: nakili traki. Ya kwanza icheleweshe milisekunde 5, iache hapo. Ya pili iwe na dilei (ucheleweshaji) inayopanda na kushuka polepole kati ya milisekunde 0 na 10, fidibeki (sauti inayorudishwa ndani ya dilei) sifuri. Zote ziwe na ujazo sawa na zikae katikati. Ya pili ikipita 5, nakala zinakutana, na hapo ndipo unapopata ule mfyonzo wa ndege kupita juu ya bati. Ujazo ukitofautiana hata kidogo, mfyonzo unafifia. Ukigeuza polariti ya moja (wimbi lake liwe juu chini), sauti inapotea kabisa pale zinapokutana. Plagini nyingine huongeza uchelewaji wake zenyewe, basi nakala hazikutani kamwe, pima kwanza. Weka kwenye mizungusho ya ngoma kabla ya kiitikio, sekunde nne au tano, kisha TOA.

Gitaa. Parker anajulikana kwa kuweka dilei na riveb KABLA ya fazi (pedali ya kukwaruza sauti, siyo feiza). Nusu ya walimu wetu wamesikia hilo, lakini hawasemi linavyokwenda kombo. Fazi hubana: mkia wa mwangwi uliokuwa chini unapandishwa mpaka ulingane na noti mpya. Kwa hiyo kiwango cha dilei kilichokuwa 40% kishushe hadi 15% au 20%. Na usipige kodi nzima. Noti nne zikichanganyika na mikia yake ndani ya fazi huzaa noti ambazo hukuzipiga, ndilo lile tope. Piga noti moja moja, au mbili zilizoachana kwa tano. Fazi za jemaniamu za mtindo wa Fuzz Face hutaka kuunganishwa moja kwa moja na gitaa. Ukiweka pedali nyingine kati yake na gitaa hulia kama nzi ndani ya kopo. Kwa hiyo hapa tumia fazi ya aina ya Big Muff.

Ngoma maiki tatu zinatosha: kiki, sneya, moja ya juu. Ya juu ikiwa sentimita 100 kutoka sneya, sauti inachelewa karibu milisekunde 3, kwa hiyo isogeze kwenye skrini au geuza polariti, baki na ile yenye uzito. Kompresa iwe na uwiano wa 10:1, release (muda wa kuachia) ifuate tempo. Matoazi yapigwe kwa upole, la sivyo kompresa itayapandisha yameze kila kitu. Na zibeni ngoma jamani: 1966 kwenye albamu ya Revolver ya Beatles walishindilia sweta ndani ya kiki ya Ringo, mpiga ngoma wao.

Sauti ya kuimba: koras (athari ya kunenepesha sauti) siyo ADT (mbinu ya kuiga kwa mashine sauti iliyoimbwa mara mbili). Fundi Ken Townsend aliibuni ADT kwenye studio ya Abbey Road mwaka huo huo kwa sababu John Lennon wa Beatles alichoka kuimba mara mbili. Nakala moja, dilei milisekunde 25 mpaka 40, isogezwe kwa mkono bila mpangilio. Chini ya 15 sauti inakuwa ya bomba, juu ya 50 unasikia watu wawili.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza jinsi ya kuiga kwenye kompyuta kupunguza kasi ya utepe ili sauti ishuke na kunenepa. Wimbo wako ukiwa tempo 120, rekodi kwa 127 na upandishe kila ala nusu toni, kisha shusha mpaka 120. Zima kile kitufe cha programu cha kulinda toni. Ukikiacha, toni haitashuka, ngoma hazitanenepa, na utarudi hapa kuniambia nimekudanganya.