Mtoto ana 6/6 lakini kusoma kunamchosha: matumizi ya macho hupimwaje?

Mama Neema:
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 9 na yuko darasa la nne. Akisoma hupoteza mstari, hufuatisha kila neno kwa kidole, na baada ya robo saa hulalamika kwamba kichwa kinamuuma na maneno yanapandana. Tulipompeleka kupimwa alisoma chati mpaka mistari ya chini, tukaambiwa ana 6/6 kila jicho na kwamba macho yake hayana tatizo lolote. Mwalimu wake anamwita mvivu. Je, kuna kipimo kinachoonyesha jinsi mtoto anavyoyatumia macho yake, mbali na ukali wa kuona?

Mtaalamu wa optometria:
Pole, Mama Neema. Kipimo hicho si cha uongo, ila kinajibu swali dogo. Mwenye 6/6 husoma akiwa mita 6 herufi ambayo jicho la kawaida nalo huisoma kwa mita hizohizo: jicho mojamoja, herufi nyeusi iliyotulia, tena mbali. Kitabu kinadai zaidi, kwa kuwa kiko sentimita 35 hivi kutoka usoni na husomwa kwa macho mawili yaliyogeukia puani kidogo, misuli ya lenzi za ndani ikibaki imekaza ili herufi zisififie, huku macho yakiruka kutoka neno hadi neno bila kutua kwenye mstari usio wake.

Kwa dalili ulizotaja ningeanza na kalamu, nikiisogeza taratibu kuelekea puani mpaka aione mbili au mpaka nione jicho moja limekimbilia nje. Mtoto wa umri huo kwa kawaida huimudu mpaka sentimita 6 hivi. Kisha ningefunika na kufunua jicho moja baada ya jingine ili kengeza lililojificha lijitokeze, na kugeuzageuza lenzi za +2.00 na −2.00 mbele yake akiwa anasoma, nione kama macho yanaweza kukaza na kulegea upesi. Matone ya kulegeza msuli wa jicho siyaachi kamwe kwa mtoto, maana wapo wenye kuhitaji lenzi za plasi (zenye alama ya +, za wasioona karibu vizuri) ambao huficha hitaji hilo kwa kujikaza, wakasoma chati yote, na jioni kichwa kikawauma.

Mwalimu wa elimu maalumu:
Mimi nimeyaona haya kutoka upande wa pili. Nina mwanafunzi mwenye ualbino ambaye chati inampa 6/60, yaani husoma kwa mita 6 herufi ambayo jicho la kawaida huisoma kwa mita 60, lakini anasoma vitabu vya darasa lake kwa kuvisogeza karibu na uso na kuinamisha kichwa upande wa kushoto. Macho yake huchezacheza, na kichwa kikiwa katika mkao huo hutulia. Kabla hajafika kwangu alikuwa akikaripiwa akae wima, yaani alikuwa akinyang'anywa uoni wake! Kwa mtoto wa namna hiyo tathmini haiishii chumbani kwa daktari: tunamtazama anaposhuka ngazi, anaponakili ubaoni, na anapotoka kivulini kuingia juani, tukiandika ukubwa wa maandishi, umbali na upande unakotoka mwanga.

Mama Neema:
Ahsanteni sana. Jana nilimjaribu kwa kalamu, akasema imekuwa mbili ikiwa bado mbali kama urefu wa kiganja changu. Je, nimfanyishe mazoezi ya kalamu nyumbani?

Mtaalamu wa optometria:
Subiri apimwe kwanza, kwani jaribio la nyumbani halitoshi kutoa hukumu. Ikithibitika kwamba macho yanashindwa kukutana karibu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 kwa watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 ulionyesha kuwa, baada ya wiki 12, mazoezi yanayosimamiwa kliniki pamoja na ya nyumbani yaliwafaa asilimia 73, ilhali kalamu ya nyumbani peke yake iliwafaa asilimia 43. Ila mtu akikuahidi kwamba mazoezi hayo yanatibu disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma), usimlipe. Siku ya kwenda, beba daftari lake na kitabu anachokisoma shuleni, na umwombe mtaalamu amtazame akisoma kwa dakika kumi nzima, kwa sababu dalili zake huja akishachoka.