Mjadala: Uzamili wa upigaji muziki, tufuate jina la chuo au mwalimu?

Mleta mada (mwalimu wa fidla, Arusha)

Wadau, mada hii hugawa watu kila ikikaribia Oktoba, msimu wa maombi, na mwaka huu imenigonga mlangoni. Kijana niliyemfundisha fidla tangu akiwa darasa la tano amemaliza shahada ya kwanza ya muziki pale Makumira, sasa anataka uzamili wa upigaji. Wazazi wake, mchungaji wao na nusu ya kwaya wameshaamua: aende London, kwenye chuo chenye jina, hata ikibidi kiwanja kiuzwe. Mimi napinga. Nipingeni nami, lakini kwa hoja.

Kwanza tutazame kinachonunuliwa. Uzamili wa upigaji haufanani na uzamili wa uchumi, ambako ukumbi mzima unamsikiliza profesa mmoja na maktaba inakamilisha kazi. Huku unakaa chumbani na mtu mmoja, kwa kawaida saa moja kwa wiki, miaka miwili, naye ndiye atakayeujenga au kuuharibu mkono wako. Okestra ya chuo ina uzito, muziki wa chemba (wa vikundi vidogo) una uzito, ila mwalimu wa ala ndiye chuo chenyewe. Na vyuo vikubwa vina walimu wengi wa fidla, hivyo barua ya kukubaliwa peke yake haimaanishi umempata yule uliyekuwa ukimtazama YouTube.

Pili, fedha. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika vyuo hivyo vya London inapita pauni 25,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni zaidi ya 50,000, hapo hujala wala hujalala. Upande wa pili, vyuo vikuu vingi vya majimbo Marekani vina nafasi za usaidizi: unasamehewa ada yote au sehemu yake, unapewa posho, nawe unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au unapiga kwenye kwarteti ya idara. Mpiga piano husindikiza waimbaji.

Kijana wangu amempata mwalimu mmoja huko, katika chuo ambacho hapa mtaani hakuna anayekijua. Alimpa somo la nusu saa kwa video. Kijana akaanza Bach, akasimamishwa noti ya tatu, na muda wote uliobaki wakashughulikia kiwiko cha mkono wa upinde, basi. Jumapili iliyofuata nilimsikia kanisani, na sauti ilikuwa nyingine. Ndiyo maana nasema: mwalimu kwanza, fedha ya pili, jina mwisho kabisa.

Mpiga chelo, Nairobi

Mwalimu, heshima yako, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwalimu huhama. Mwalimu hustaafu, huugua, huenda ziara ya miezi mitatu akakuachia msaidizi wake. Ukiwa umeifuata sura moja hadi mji mdogo, naye akaondoka, umebaki na nani? Kwenye chuo kikubwa, akiondoka mmoja, wengine wapo.

Halafu umepita haraka mno juu ya wenzake darasani. Vijana wa Ghetto Classics, mradi wa muziki kule mtaa wa Korogocho, wametuonyesha kwamba kipaji Afrika Mashariki kipo. Tunachokosa ni kuamka kila siku katikati ya watu wanaopiga vizuri kuliko sisi. Kwenye chuo kikubwa unapita kwenye korido unasikia konserto uliyodhani unaijua, ikipigwa na mtu wa miaka 19, na unarudi kwenye chumba cha mazoezi bila kusukumwa na mtu. Saa moja ya mwalimu haikupi hilo. Saa nyingine zote za wiki hizo ndizo chuo.

Na jina lina kazi yake hata tukilichukia. Shule za kimataifa hapa Nairobi zinapotafuta mwalimu wa muziki, mwenye kusoma wasifu mara nyingi si mpiga ala. Anaona jina analolitambua, anakuita kwenye usaili. Hiyo ndiyo dunia tunayoishi.

Nikubaliane nawe jambo moja: kiwanja kisiuzwe. Lakini wapo wenye jina wasiotoza ada. Shule ya muziki ya Yale ilipata zawadi ya dola milioni 100 mwaka 2005, na tangu hapo wanafunzi wake hawalipi ada. Curtis, chuo cha muziki pale Philadelphia, haitozi ada tangu 1928. Kwa nini kijana asijaribu huko kabla hamjamwambia ashushe macho?

Mhadhiri, Dar es Salaam

Kabla hamjafika mbali, naomba msome jina la tuzo lenyewe. Curtis ni chuo cha ajabu, lakini mpiga fidla anayekwenda baada ya shahada ya kwanza hapati uzamili pale. Anapata diploma yao. Vivyo hivyo kuna vyuo vingi vyenye “diploma ya msanii”, na Ujerumani wana Konzertexamen, ambayo kwa upigaji iko juu ya uzamili lakini si shahada ya uzamili. Kwenye jukwaa hakuna atakayeuliza. Kwenye ofisi ya ajira ya chuo kikuu cha umma watauliza siku ya kwanza, watataka utambuzi wa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, na watakuwa na fomu yenye sehemu ya GPA ambayo cheti chako hakina.

Nimeona watu wa uwezo mkubwa wakihangaika kwa hili, wanapiga kuliko sisi sote idarani lakini karatasi haziingii kwenye muundo wa utumishi. Kama kijana anataka kuja kufundisha chuo kikuu, achague programu inayotoa shahada ya uzamili yenye orodha ya masomo na alama. Kama hataki, basi yuko huru zaidi.

Na kwa wanaotaja Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza: ule ni wa uzamili wa mwaka mmoja, wakati kozi nyingi za upigaji London ni za miaka miwili. Muangalie hilo kabla ya kujaza fomu.

Mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu), Unguja

Jamani, nawasoma tangu juu na ni kama muziki wote duniani ni Bach na Paganini. Huku kwetu swali hili lina umri mkubwa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, naye akarudi akafundisha wengine. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa 1905, na hadi leo kipo. Mtu mmoja alipelekwa pahali ambapo ala yake inajulikana, akarejea, na mji mzima ukafaidika.

Sasa mpiga fidla wa taarabu leo akitaka kuongeza elimu anaambiwa London au New York. Hakuna usaili wa huko utakaomuuliza rasti wala bayati, yaani maqamu, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Cairo ipo taasisi ya juu ya muziki wa Kiarabu. Walimu wa maqamu wapo, wenye fidla hiyo hiyo. Hapa nyumbani tuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, lakini kinaishia ngazi za chini ya uzamili, na kimeshapitia vipindi vya kukosa fedha hadi ikahofiwa kitafungwa. Milioni hizo za kiwanja mngejiuliza pia zingefanya nini hapa.

Mwalimu, nakuuliza wewe hasa: huyo kijana atarudi kupiga nini, na apige wapi?

Mleta mada

Ahsanteni. Nimejifunza, na kwa la diploma na shahada nimempigia kijana simu jana hiyo hiyo. Anataka kufundisha chuo, kwa hiyo Curtis imetoka kwenye orodha. Yale imebaki, na ni haki yake kujaribu.

Wengine mmenitumia ujumbe kuhusu Ujerumani. Ndiyo, vyuo vya umma huko sehemu kubwa havitozi ada, lakini si kote: Baden-Württemberg, yenye Stuttgart, Freiburg na Karlsruhe, inawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Viza nayo inataka uonyeshe fedha ya kujikimu ya mwaka mzima, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904. Pia kuna lugha. Hata hivyo ukilinganisha na London bado ni nafuu mno, na desturi yao inaniunga mkono: kabla ya usaili unamwandikia profesa, unaomba somo la majaribio, mnapimana.

Sasa swali la mpiga kanuni. Kwetu Tanzania hakuna okestra itakayomwajiri mpiga fidla kwa mshahara wa mwezi. Ataishi kwa kufundisha, kwa kanisa, harusi na studio, na Mungu akijalia, kwa nafasi ya chuo. Deni la pauni halilipiki kwa harusi za Jumamosi. Ndiyo sababu naupenda ule usaidizi wa Marekani: miaka miwili atakuwa anafundisha huku anafundishwa, na kufundisha ndiyo kazi atakayoifanya. Kuhusu maqamu, umenigusa. Sijawahi kumfundisha hata moja. Kama utamkubali akae nawe Unguja wiki kadhaa kabla ya safari, nauli naitoa mimi.

Mpiga chelo, la wenzake darasani sina jibu la kukushinda nalo. Lina ukweli.

Tumeanza kurekodi video za mchujo. Vyuo vinataka kila sehemu ipigwe moja kwa moja bila kukatwa, na juzi sehemu ya Bach iliyokwenda safi kuliko zote iliharibiwa na mvua juu ya mabati ya kanisa ikiwa imebaki mistari miwili. Tunarudia usiku wa leo. Walimu watatu wameshaandikiwa: wa Marekani, mmoja wa Berlin, na mmoja wa London pia, kabla dirisha lao la Oktoba halijafungwa. London nimeiweka kwa ajili ya hoja yako, mpiga chelo. Kama hawana ufadhili, waseme wenyewe. Nisiwe mimi niliyemkatalia kwa niaba yao.