Ghorofa ya mwisho, paa la mabati, Nairobi: feni au AC?

Mpangaji_Kasarani

Habari zenu wadau. Nyumba iko Kasarani, ghorofa ya tano ambayo ndiyo ya mwisho. Juu ni siling bodi, halafu mabati. Chumba cha kulala ni mita 4 kwa 3.5, na dirisha lake moja linatazama magharibi. Sebule iko upande wa pili, dirisha lake linatazama mashariki. Madirisha yote yana grili na wavu wa mbu. Kuanzia Januari mpaka mvua ya masika ianze, saa nne usiku chumba bado kinafukuta, na ukuta wa magharibi ukiushika una joto. Stima ni ya tokeni, matumizi ni kama uniti 80 kwa mwezi.

Ninachagua kati ya vitu vinne: feni ya kusimama, feni ya maji (ile inayopuliza hewa kupitia pedi iliyolowa), AC ya magurudumu na AC ya ukutani. Mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe mradi gharama iwe yangu. Naomba hesabu na sababu, majina ya kampuni si lazima.

Jotoridi

Asante kwa kutoa vipimo, wengi huuliza bila hata kusema paa ni la nini.

Joto lako halitoki kwenye hewa ya nje. Februari hapa Nairobi mchana hufika nyuzi 27 au 28, na alfajiri hushuka mpaka 13 hadi 15. Kinachokupika ni mabati. Tuko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la miezi hii hupita karibu na utosi, na ikifika tarehe 17 Machi hivi, adhuhuri linakuwa juu ya kichwa kabisa. Bati tupu kwa jua la saa saba hupita nyuzi 60. Siling bodi nayo inashika moto na kukumulikia joto kitandani kama jiko lililoning'inizwa. Alasiri jua linahamia dirisha na ukuta wako wa magharibi. Ukuta wa mawe unalimeza joto hilo mpaka jioni, kisha unalitema ndani polepole hadi usiku wa manane. Ndiyo maana saa nne unaungua wakati huko nje watu wameshavaa sweta.

Kwa hiyo baridi unayo tayari, iko nje ya dirisha, na kuiingiza ni kazi ya feni ya inchi 16 yenye wati 45 hadi 60. Saa mbili usiku zima taa za chumbani, fungua dirisha la sebule lote, fungua na mlango wa chumba. Weka feni chumbani ikielekea NJE, kama nusu mita hadi mita moja kutoka dirisha la magharibi, si kubandikwa kwenye grili. Ikiwa mbali kidogo, mkondo wake unakokota na hewa ya pembeni na kutoka nayo. Mwendo wa juu kabisa, saa moja hadi moja na nusu. Hewa ya moto inatoka chumbani, hewa baridi inaingilia sebuleni na kupita juu ya kitanda chako.

Hakikisha inafanya kazi: chukua kipande cha tishu, kishike kwa vidole viwili mbele ya wavu wa dirisha la sebule. Kinapaswa kulala kuelekea ndani na kubaki hivyo. Kikining'inia tu, hewa inapita njia nyingine. Mara nyingi ni dirisha la jikoni au la choo limeachwa wazi, na feni inavuta kwa njia hiyo fupi. Yafunge. Angalia na wavu wenyewe. Ukiwa umejaa vumbi la barabarani hewa haipiti, basi uoshe kwa brashi na sabuni kila mwezi wakati wa kiangazi.

Ukimaliza, geuza feni ikupulize ulipolala, mwendo wa kwanza. Na asubuhi kabla ya saa tatu funga madirisha na pazia, uibakishe hiyo baridi ndani. Watu wengi hukosea hapa: wanafungua madirisha mchana kutwa na kuyafunga usiku, kinyume kabisa.

Kisha zuia jua kabla halijaingia. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia. Funga nje ya dirisha neti ya kivuli ile ya wakulima, inayozuia asilimia 80 ya jua, ikae sentimita 10 kutoka kwenye kioo ili hewa ipite nyuma yake.

Paa ndiyo kazi kubwa, na hapo zungumza na mwenye nyumba kwa sababu mali ni yake. Pamba ya nyuzi za kioo ya milimita 50 ikitandazwa juu ya siling bodi kupitia tundu la dari itabadilisha chumba hicho kuliko mashine yoyote uliyotaja. Anayeitandaza avae glavu, barakoa na mikono mirefu, kazi ifanywe saa kumi na mbili asubuhi kabla dari haijawa tanuri, na pamba isifunike nyaya za stima wala taa zilizozamishwa. Ikiwa ni karatasi ya foili badala ya pamba, upande unaong'aa utazame chini na uwe na nafasi ya hewa ya angalau milimita 25. Ukitazama juu hukusanya vumbi, na ndani ya mwaka mmoja au miwili umepoteza faida. Matundu ya hewa ya pembeni mwa paa yaachwe wazi.

FundiBaridi

Nakubaliana na Jotoridi kuhusu paa, ila AC isitupwe kirahisi hivyo. Kuna nyumba zilizo kando ya barabara ambako dirisha likifunguliwa usiku hakuna atakayelala kwa kelele na moshi, na kuna wagonjwa na wazee wanaohitaji chumba baridi saa nane mchana, wakati huko nje hakuna baridi ya kuingiza.

AC ya magurudumu iondoe kwenye orodha. Ina bomba moja la kutoa hewa moto dirishani. Hewa hiyo imetoka chumbani mwako, kwa hiyo nyingine lazima iingie kuziba pengo: chini ya mlango, kwenye nyufa za dari, yaani kutoka chini ya mabati yale yale. Unapoza chumba huku unavuta joto la dari. Bomba lenyewe ni la moto na limo ndani, na kompresa (pampu ya gesi) inakungurumia kando ya kitanda. Wati 1,000 na zaidi kwa matokeo hayo ni hasara.

Ya ukutani, hesabu ni hii. Chumba ni mita za mraba 14. Zidisha kwa BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza), unapata 8,400. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya mabati na dirisha la magharibi, inafika 10,000 na kitu. Hewa ya Nairobi nayo ni nyepesi, karibu asilimia 80 ya uzito wa ile ya Mombasa, kwa hiyo mashine hapa haitoi nguvu yote iliyoandikwa. Dukani zipo za 9,000 na 12,000. Ukiweka pamba darini, 9,000 inatosha. Bila pamba chukua 12,000, na iwe ya inveta, ili jioni jua likiisha ipunguze mwendo badala ya kuwaka na kuzima. Soma lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati: nyota nyingi, stima kidogo. Gesi iwe R32 au R410A. Ya R22 usinunue hata kwa bei ya kutupa, gesi hiyo inaondolewa sokoni duniani kote.

Mashine nzuri huuawa na ufungaji, kwa hiyo simama hapo wakati fundi anafunga. Mabomba ya gesi, la robo inchi na la 3/8 ya inchi, yavishwe sponji kila moja peke yake. Yakivishwa pamoja, lile la baridi linapashwa na mwenzake. Midomo ya mabomba itanuliwe kwa kifaa chake, ipakwe tone la mafuta ya kompresa, ikazwe kwa spana ya kipimo. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu, mdomo unapasuka na gesi inaisha baada ya miezi sita. Baada ya hapo ni pampu ya vakyumu, dakika 20 hadi 30, geji ishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha vakyumu) na ibaki hapo pampu ikizimwa. Fundi anayefungua gesi kidogo "isukume hewa nje" mzuie. Unyevu unaobaki ndani huchanganyika na mafuta ukawa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoila kompresa.

Bomba la maji liwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita bila kupanda mahali popote, la sivyo maji yatarudi na kutiririka ukutani. Waya wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya stima, breka yake yenyewe ya ampea 16. Weka na kinga ya volteji yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, kwa sababu stima ikikatika na kurudi ghafla, kompresa huanza ikiwa bado na presha na inakwama. Boksi la nje usiliweke kwenye ukuta wa magharibi kama kuna ukuta mwingine.

Uniti_kwa_Uniti

Nami niweke hesabu ya tokeni, nikitumia shilingi 30 kwa uniti ili iwe rahisi.

Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni uniti 0.4, shilingi 12 kwa usiku, 360 kwa mwezi. AC ya inveta ya 9,000, ambayo huanza na wati 800 kisha kushuka, ni uniti 3 hadi 4 kwa usiku huo huo. Tuseme 3.5: ni uniti 105 kwa mwezi, shilingi 3,150.

Lakini kuna jambo jingine. Sasa unatumia uniti 80, uko kwenye daraja la bei la uniti 31 hadi 100. Ukiongeza 105 unapita 100 na kupandishwa daraja. Madaraja huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu, na bei mpya inashika uniti zote, hata zile 80 ulizokuwa ukitumia tangu zamani. Anayepiga hesabu ya AC peke yake hujikuta tokeni zinaisha na haelewi kwa nini.

Feni ya maji: Januari na Februari alasiri hewa yetu ni kavu, kwa hiyo inafanya kazi. Lita 1 ya maji ikikauka hunyonya joto la karibu uniti 0.67 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Masharti ni mawili. Dirisha lazima liwe wazi, kwa maana ukifunga chumba unyevu unajaa, maji hayakauki tena, na unabaki na feni ya kawaida ndani ya chumba chenye jasho. Na Aprili mvua ikianza haina faida. Maji ya kisima yanaacha chumvi kwenye pedi kadiri yanavyokauka, basi mwaga tangi kila siku na usafishe pedi kwa siki kila wiki mbili.

Mpangaji_Kasarani

Nimewaelewa, shukrani sana. Nitaanza na feni na kuongea na mwenye nyumba kuhusu pamba. Maswali mawili ya mwisho: wauzaji wa barabara ya Luthuli mjini wanasema ukitia barafu kwenye feni ya maji inakuwa kama AC, ni kweli? Na feni ya dari je, si bora kuliko ya kusimama?

Uniti_kwa_Uniti

Si kweli. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya uniti 0.09 tu, mara saba chini ya lita moja ya maji inayokauka. Maji yakishapozwa na barafu hukauka polepole zaidi. Na friji iliyogandisha barafu hiyo imetoa joto lake ndani ya nyumba ile ile.

Jotoridi

Feni ya dari ni nzuri sana chini ya zege. Chini ya mabati bila pamba, mchana inashusha ile hewa ya moto iliyokaa juu na kukumwagia. Isitoshe haiwezi kutoa hewa dirishani. Ukishaweka pamba, basi fikiria ya inchi 48 au 56: mapanga yawe mita 2.3 kutoka sakafuni, sentimita 25 chini ya dari, na isining'inizwe kwenye siling bodi hata siku moja. Ipigiliwe mbao ya inchi 2 kwa 4 kati ya mbao mbili za dari, na kulabu ipite kwenye mbao hiyo, pamoja na waya wa usalama.

Ukienda dukani kwa ya kusimama, zungusha panga kwa kidole kabla haijawashwa. Lizunguke kimya na kusimama polepole. Washa mwendo wa kwanza kwanza, si wa tatu: motoo dhaifu husita hapo. Sukuma shingo, isicheze. Kitako kiwe kizito.

Na siku ikianza kuvuma bila kuzunguka, usiitupe. Ichomoe kwenye soketi, zungusha panga kwa mkono. Likiwa gumu, bushi (kikombe kinachoshika shafti) imekauka: toa panga, tia matone 2 ya mafuta ya cherehani kwenye shafti mbele na nyuma, na wala si mafuta ya kupikia, hayo huganda yakawa gundi. Likiwa laini lakini halianzi mpaka ulisukume, ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia motoo kuanza. Soma namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi ni 1.2 au 1.5 mikrofaradi, na ununue ya namba hiyo hiyo na volti zisizopungua zile za awali. Kubwa zaidi inaweza kuchoma motoo.